Utafiti wa Ukambani urudi Ukambani

Mtafiti anayetaka kwenda Kitui au Makueni kurekodi nyimbo za kilumi, ngoma ya tambiko ya Wakamba, kukusanya methali au kuwahoji wazee kuhusu njaa na vita vya zamani huanzia Nairobi, kwa tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI. Hulipa ada, akapewa leseni. Masharti ya leseni hiyo yanamtaka awaarifu Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu na Gavana kabla ya kuanza kazi. Kisha hufika kwa chifu, chifu akamwelekeza kwa mzee wa kijiji, naye mzee wa kijiji akamfikisha kwa nyanya anayezijua nyimbo. Nyanya huacha jembe, akaketi, akaimba, akaeleza wimbo ulichezwa wapi na kwa ajili ya nini.

Utafiti ukikamilika, leseni ile ile inamdai mtafiti nakala ya ripoti katika muda wa mwaka mmoja. Nakala hiyo huenda NACOSTI. Nyingine hubaki kwenye maktaba ya chuo chake, kiwe Nairobi, Eldoret, London au Marekani. Kaunti iliyoarifiwa mgeni alipobisha hodi haitajwi tena wakati wa kugawa matunda, na yule nyanya hatajwi kabisa.

Utaratibu huu unapaswa kubadilika. Kila utafiti wa historia, lugha, fasihi, dini, falsafa au muziki unaofanywa Ukambani, masomo ambayo vyuo vikuu huyaweka pamoja kwa jina la insia, unapaswa kurudisha nakala Ukambani, kwa lugha inayosomeka huko na mahali ambapo mwananchi anaweza kufika kwa matatu. Si fadhila kwa wenyeji. Wao ndio walioutoa ujuzi huo.

Ukambani haujawahi kukosa watafiti. Mnamo Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, alikokaribishwa na mfanyabiashara maarufu Kivoi. Mwaka uliofuata, Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1877 Mjerumani mwingine, J. M. Hildebrandt, alifunga safari kutoka Mombasa hadi Kitui, na maelezo yake kuhusu Wakamba yakachapishwa Berlin. Wamisionari wa Leipzig walijenga vituo Ikutha na Mulango na kuacha picha ambazo leo ni sehemu ya hazina ya picha za kimisionari inayohifadhiwa kidijitali na Chuo Kikuu cha Southern California.

Kisha akaja Msweden Gerhard Lindblom. Alifanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, akaandika tasnifu iliyotoka Uppsala mwaka 1916 na kupanuliwa mwaka 1920 kuwa kitabu cha kurasa zaidi ya 500. Baadaye alichapisha juzuu tatu za fasihi simulizi: hadithi za wanyama, hadithi za mazimwi na viumbe wa ajabu, kisha vitendawili, methali na nyimbo. Wengi wa watu waliomsimulia walikuwa wamezaliwa kabla ya reli kufika Ukambani. Ni vigumu kuzipata sauti zao popote pengine kwa wingi huo.

Baada ya uhuru mkondo haukukatika. Mmarekani Kennell Jackson alitembea Ukambani akikusanya masimulizi ya kale na kuwasilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1972. Kwa kulinganisha masimulizi ya koo, alifuatilia namna Wakamba walivyosogea kutoka nyanda za chini hadi Nzaui na hatimaye milima ya Mbooni. Nzaui na Mbooni zote ziko Makueni ya leo. Mwaka 1975 J. Forbes Munro alichapisha historia ya utawala wa kikoloni Ukambani. Mwaka 2011 Katherine Luongo alitoa kitabu kuhusu uchawi na sheria za kikoloni, na ndani yake kuna kesi ya mwaka 1932 ambapo wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemwita mchawi, kabla ya adhabu hiyo kubadilishwa. Mwaka 2014 Myles Osborne alionyesha jinsi sifa ya Wakamba kuwa askari waaminifu ilivyojengwa hatua kwa hatua, na jinsi wao wenyewe walivyoitumia kudai haki na manufaa kutoka kwa serikali.

Hizo ni rafu kadhaa za maktaba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Karibu kila ukurasa uliotajwa hapo juu umeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, na vitabu vingi kati ya hivyo vilitolewa na wachapishaji wa vyuo vikuu wanaouza kwa bei inayowatisha hata wahadhiri.

Yupo mwana wa Kitui aliyeonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda kwa njia nyingine. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, akafundisha Makerere na baadaye Uswisi, alikofariki Oktoba 2019. Akiwa kijana aliandika hadithi kwa Kikamba, *Mutunga na Ngewa Yake*, iliyotoka mwaka 1954. Alikusanya mamia ya ngano za kwao na kuchapisha sehemu yake mwaka 1966 katika *Akamba Stories*. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilisomwa katika vyuo vya dunia nzima.

Ndani ya kitabu hicho kuna hoja iliyozua mjadala ambao haujaisha. Mbiti alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akasema kwamba Mwafrika wa jadi aliishi katika Sasa na Zamani, na kwamba mustakabali wa mbali haukuwa na nafasi kubwa katika fikra zake. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa lugha ya Akan. Wengine wengi wamejitosa tangu hapo. Mjadala wa kimataifa wa falsafa umesimama juu ya vitenzi vinavyosemwa kila siku sokoni Kitui, lakini wasemaji wenyewe, wanaoweza kupima kila mfano kwa sikio lao, ndio wanaosikika kwa uchache zaidi. Mwanafunzi wa shule ya upili Mulango anastahili kuusoma mjadala huo na kuchangia.

Mbiti hakuishia hapo. Katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2014. Msomi aliyeijua dunia yote alichagua kuimalizia kazi yake katika lugha ya mama yake.

Kuna watakaouliza: katika kaunti zinazokosa mvua, mtu anapata wapi muda wa nyimbo na masimulizi? Swali hili husikika sana nchini kila mjadala wa kufadhili vyuo vikuu unapoibuka, na masomo ya insia ndiyo hutajwa kwanza kati ya yale yanayodaiwa hayana faida. Ukambani wenyewe una jibu.

Wakamba huzipa njaa majina. Njaa ya mwisho wa karne ya 19, iliyoua watu wengi mno wakati reli ikijengwa, ni Ngomanisye. Ya 1961, chakula kilipoangushwa kwa ndege, ni Yua ya Ndeke. Ya 1984, watu walipokuwa na fedha mkononi na chakula hakipo dukani, ni Nikw'a Ngwete. Mpangilio huo wa majina ni kumbukumbu ya ukame ya zaidi ya miaka mia moja, na baadhi ya majina hayo huonyesha tatizo lilikuwa wapi, kwa mfano katika usafiri au katika soko. Afisa wa kaunti anayepanga misaada ya ukame anahitaji taarifa kama hizo pamoja na takwimu za mvua. Mwanaanthropolojia Mkenya Joshua Akong'a alizichunguza njaa za Kitui na tambiko za kuomba mvua, na makala yake kuhusu tambiko hizo yakachapishwa mwaka 1987 katika jarida la Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani.

Mfano wa pili uko kwenye mito mikavu. Kitui inajulikana ulimwenguni kwa mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji chini ambako jua haliyafikii. Shirika la SASOL limesaidia wanakijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele wa shirika hilo ni Gideon-Cyrus Mutiso, ambaye mwaka 1974 alichapisha kitabu kuhusu fikra za kijamii na kisiasa katika fasihi ya Kiafrika. Kujenga ukuta kunahitaji mhandisi, lakini kuwakusanya watu wabebe mawe kwa wiki nyingi bila ujira kunahitaji mtu anayeijua mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, namna inavyoitishwa, nani ana sauti ndani yake na kwa nini wanawake ndio nguzo yake.

Wa tatu ni wa picha. Mnamo 1937 afisa wa kikoloni aliipiga picha milima ya Machakos iliyokuwa imemomonyoka, wakati wilaya ya Machakos ilikuwa bado inajumuisha Makueni. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitumia picha zilizopigwa upya mahali pale pale. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado vilima vilikuwa vimefunikwa na matuta na miti. Kitabu chao cha mwaka 1994 kilitikisa imani iliyokuwa imeenea kwamba watu wakiongezeka ardhi huharibika. Bila picha za kale na kumbukumbu za wakulima, hoja hiyo isingethibitishwa.

Faida nyingine ya nyaraka zinazorudi nyumbani imeonekana pwani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili, yaani nguzo za ukumbusho, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja kati ya vitu vya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, Marekani, na cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Ushahidi ulikuwa ile picha, na familia ilikuwapo kudai. Vilirudishwa mwaka 2006 na 2007.

Ukambani unaweza kufuata njia hiyo, kwa kuwa kazi ya msingi imeanza. Kati ya 2018 na 2021 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho ya Köln na Frankfurt waliendesha mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Waliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30, na mwaka 2021 maonyesho ya mradi huo yakafanyika Nairobi. Hatua inayofuata ni ya mashinani: orodha hiyo ichujwe, vitu vya Wakamba vitengwe, na wazee wa Kitui na Makueni waonyeshwe picha zake waeleze kila kitu kilitumiwaje na kilikuwa cha nani. Kazi hiyo ifanywe sasa, wangali hai, la sivyo haitafanywa kamwe.

Teknolojia nayo haisubiri. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Facebook walitoa mkusanyiko wa sentensi 3,001 zilizotafsiriwa kwa lugha 101 ili kupima mashine za kutafsiri, na Kikamba kilikuwa mojawapo. Mwaka uliofuata kikaingizwa katika programu yao ya lugha 200. Ni jambo jema. Lakini sentensi hizo zilitoka katika makala za intaneti zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mashine inayopimwa kwa Kikamba cha namna hiyo inaweza kufaulu bila kuijua nthimo, yaani methali, hata moja wala wimbo wa kilumi. Waliohangaika na lugha hii kwa undani ni wanaisimu kama Angelina Kioko, aliyeandika tasnifu na kitabu kuhusu sarufi ya Kikamba, pamoja na wanafunzi wa uzamili wa vyuo vya Kenya ambao kila mwaka huandika kwa Kiswahili au Kiingereza kuhusu methali, nyimbo na miundo ya Kikamba. Kazi zao, zikikusanywa pahali pamoja na kuruhusiwa na wenye ujuzi huo, zingekuwa hazina ambayo kampuni yoyote ingelazimika kuja kuiomba Kitui.

Sheria iko upande wa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, pamoja na elimu ya chekechea. Sheria nambari 33 ya mwaka 2016, inayolinda ujuzi wa jadi na tamaduni, inazipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya, kuandikisha na kuhifadhi ujuzi huo na kuweka rejista yake. Inataka pia wenye ujuzi waombwe idhini na wagawiwe manufaa. Nayo elimu ya umilisi inawataka walimu wa madarasa ya chini kufundisha kwa lugha ya eneo lao. Mwalimu wa gredi ya kwanza Mutomo au Wote anahitaji vitendawili na hadithi za Kikamba Jumatatu asubuhi, na vipo, katika juzuu za Lindblom na Mbiti.

Kuna pingamizi la haki ambalo halifai kupuuzwa. Si kila kilichorekodiwa kinafaa kuwekwa wazi. Utafiti kama wa Luongo unagusa tuhuma za uchawi, na jina la familia likitolewa ovyo linaweza kuamsha uhasama uliolala miaka tisini. Ujuzi wa tiba na wa mathembo, yaani maeneo matakatifu ya tambiko, una wenyewe na una miiko yake. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kuirudisha kazi kwenye kaunti badala ya kuiacha kwenye seva za mbali: wazee na wanawake wa eneo ndio wanaoweza kusema hiki kisomwe na wote, hiki kisomwe kwa ruhusa, hiki kifungwe. Leo uamuzi huo unafanywa na wakutubi ambao hawajawahi kufika Ikutha.

Pahali pa kuanzia pamekwishajengwa. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kiko Kwa Vonza, Kitui, kwenye uwanja wa iliyokuwa taasisi ya kilimo ya Ukamba, na kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kina wahadhiri wa lugha na jamii, na kina hifadhi ya kidijitali ya kazi za kitaaluma. Kikiingia katika mkataba na kaunti hizo mbili, kinaweza kuwa makao ya nakala zote za utafiti wa Ukambani, za zamani na za sasa, kikiwaandikia maktaba na makumbusho ya Uppsala, Leipzig, Los Angeles na Stockholm kuomba nakala za kidijitali. Taasisi nyingi za ng'ambo zinakabiliwa na maswali magumu kuhusu mali za Afrika zilizomo ndani ya kuta zao. Ombi la chuo kikuu, likiwa na orodha kamili na sahihi ya gavana, ni gumu kulikataa.

NACOSTI nayo inaweza kuongeza sharti moja: mtafiti wa insia aache katika maktaba ya kaunti nakala ya kazi yake na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili au Kikamba, na rekodi za sauti zibaki na familia zilizoimba. Vyuo vikuu viliingize sharti hilo katika hatua za kufuzu: kabla ya tasnifu kupitishwa, mwanafunzi aonyeshe kwamba amerudi kijijini, amesoma matokeo mbele ya baraza la chifu na amesahihishwa. Wafadhili waitengee safari hiyo fedha kama wanavyotenga za kwenda kwenye makongamano Ulaya. Mtafiti akisahihishwa na waliomfundisha, kazi yake huwa bora, na atakayemfuata atapokelewa vizuri zaidi.

Gavana Julius Malombe wa Kitui na mwenzake Mutula Kilonzo Junior wa Makueni hawahitaji sheria mpya ili kuanza. Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, baada ya wananchi kutoa maoni katika vikao vya wadi, na Makueni imejijengea jina nchini kwa vikao hivyo. Rejista ya ujuzi wa jadi inayotakiwa na sheria ya 2016 itengewe fungu humo, pamoja na mshahara wa mhifadhi nyaraka mmoja katika kila kaunti, anayekijua Kikamba, mwenye ofisi ndani ya maktaba na kompyuta inayofanya kazi. Kazi yake ya kwanza iwe kuomba kutoka NACOSTI orodha ya leseni zote za utafiti wa insia zilizotolewa kwa kaunti yake, kisha kumwandikia kila mtafiti barua ya kudai nakala.